Kichanga wa wiki sita aliyewagawa waumini

Aprili 27, 1991, wimbo uitwao "Baby Baby" ulishika namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100 nchini Marekani, ukakaa hapo wiki mbili. Mwimbaji wake, Amy Grant, alikuwa mama wa miaka 30 kutoka Nashville, aliyejulikana makanisani miaka mingi kabla hajajulikana kwenye kumbi za disko. Vijana waliucheza wakiamini ni wimbo wa mapenzi ya mvulana na msichana. Baadhi ya waumini waliuelewa hivyohivyo, wakachukia. Kumbe aliyeimbiwa alikuwa hajui hata kukaa: ni Millie, binti wa Amy, aliyekuwa na umri wa wiki sita tu alipompa mama yake maneno ya wimbo ule.

Haikuwa siri. Ndani ya jalada la albamu ya Heart in Motion, iliyotoka Machi 5 mwaka huohuo, Amy aliandika wazi kwamba wimbo ule ni wa Millie na kwamba sura ya kichanga huyo ndiyo iliyomsukuma kuuandika. Lakini jalada husomwa na aliyenunua. Anayesikiliza redioni ndani ya daladala au anayetazama video kwenye televisheni hana jalada mkononi, hujaza mwenyewe kile asichoambiwa.

Ugomvi uliofuata ulihusu swali moja: mtu aliyelelewa na kanisa akitoa albamu ambayo nyimbo zake nyingi hazitaji jina la Mungu, je, amemkana? Zaidi ya miaka 30 baadaye, albamu ile bado ni shule nzuri kwa yeyote anayetaka kuelewa pop ya Kikristo. Kipimo cha kuhesabu jina la Mungu limetajwa mara ngapi kilishindwa kuona mambo mawili ya maana zaidi: nyimbo zile zilitoka wapi, na zilivishwa sura gani zilipofika sokoni.

Kutoka kanisa lisilo na kinanda

Amy Grant alizaliwa Augusta, Georgia, Novemba 25, 1960, akakulia Nashville, mji wa muziki wa country na wa makanisa. Baba yake alikuwa daktari. Familia ilikuwa ya Church of Christ, madhehebu ambayo sehemu kubwa ya sharika zake huimba kwa sauti tupu, bila kinanda wala gitaa, kwa imani kwamba Agano Jipya halikuagiza vyombo ibadani. Mtoto aliyekuja kupigiwa ngoma za mashine na sintesaiza alijifunza kuimba mahali ambapo hata piano ingezua kikao cha wazee.

Safari yake ya studio ilianza karibu kwa bahati. Akiwa binti wa sekondari alirekodi kanda ya majaribio kwa ajili ya wazazi wake, akisaidiwa na Brown Bannister, kiongozi wa vijana kanisani. Bannister alipokuwa akitoa nakala ya kanda ile, mwenye studio, Chris Christian, aliisikia, akapiga simu kampuni ya Word na kuwachezea wimbo hukohuko kwenye simu. Amy alipewa mkataba wiki tano kabla hajatimiza miaka 16. Albamu yake ya kwanza, iliyobeba jina lake tu, aliirekodi mwaka 1977 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari.

Word ilikuwa kampuni ya Waco, Texas, iliyoanzishwa mwaka 1951, na soko lake lilikuwa dunia ya peke yake. Santuri na kanda zake ziliuzwa kwenye maduka ya vitabu vya Kikristo, rafu moja na Biblia na kadi za Pasaka, na kupigwa na redio za Kikristo. Mwanamuziki angeweza kuuza maelfu kwa maelfu na jina lake lisisikike nje ya uzio huo. Maduka hayo yalianza kuhesabiwa kwa kompyuta kwenye mauzo ya jumla ya Billboard mwaka 1995.

Ndani ya uzio, Amy alikuwa malkia. Age to Age ya mwaka 1982, yenye wimbo "El Shaddai" uliotungwa na Michael Card na John Thompson, ilikuwa albamu ya kwanza ya mwimbaji wa Kikristo anayeimba peke yake kufikia platinamu, yaani nakala milioni moja. Mwaka 1984, yeye na Michael W. Smith, aliyekuwa mpiga kinanda wake kwenye ziara, walitoa "Thy Word", wimbo unaotokana na Zaburi ya 119, ambao hadi leo umo kwenye vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi yanayoabudu kwa Kiingereza.

Mlango wa nje ulifunguka mwaka 1985, Word ilipoingia makubaliano na kampuni ya A&M ili albamu za Amy zifike kwenye maduka ya kawaida ya muziki. Mwaka uliofuata aliimba na Peter Cetera "The Next Time I Fall", wimbo wa mapenzi uliofika namba moja. Manung'uniko yalianza hapo. Nyakati zenyewe zilikuwa za mashaka: mwaka 1987 mhubiri wa televisheni Jim Bakker alijiuzulu kwa kashfa, na 1988 ikawa zamu ya Jimmy Swaggart kulia mbele ya kamera. Waumini waliokuwa wamechoka kuaibishwa na watu wao maarufu walimtazama kila mwimbaji kwa jicho la pembeni.

Nyimbo zilikotoka

Kwa Heart in Motion, Amy alifanya kazi na watayarishaji watatu. Bannister alikuwa mtu wa nyumbani. Michael Omartian alikuwa amewahi kumtayarishia Christopher Cross albamu iliyozoa tuzo za Grammy mwaka 1981, na Donna Summer ule wimbo wake maarufu wa mwanamke anayehangaikia kila senti. Keith Thomas alitokea upande wa BeBe na CeCe Winans, ndugu walioingiza midundo ya R&B kwenye muziki wa injili; ndiye aliyetunga muziki wa "Baby Baby", na Amy akaandika mashairi. Matokeo yake ni sauti ya mwaka 1991 waziwazi: ngoma za mashine zinazogonga bila kuchoka, besi ya sintesaiza inayorukaruka, na sauti za kuitikia zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka.

Lengo la kufika redio za kawaida halikufichwa. Ila ukizisikiliza nyimbo 11 za albamu hii mfululizo, unachokutana nacho ni nyumba ya mwanamke aliye na watoto wadogo, mume, marafiki na kazi isiyoisha. "Hats" inamhusu mwanamke anayetakiwa awe mke, mama na mfanyakazi kwa siku moja na kichwa kimoja. "How Can We See That Far" inatazama harusi na kuuliza watu wawili wanawezaje kuahidiana miaka wasiyoiona. "That's What Love Is For" ni wimbo wa wanandoa waliokwisha kukwaruzana na bado wanatafuta njia ya kurudiana. Wakati huo Amy alikuwa mke wa mwanamuziki Gary Chapman, na ndoa yao ilikuwa imepita kwenye mitikisiko ambayo wote wawili waliwahi kuizungumzia hadharani. Anayesikiliza akijua hilo haoni tena wimbo laini wa redio. Anaona mtu anayejihimiza asikate tamaa.

Nayo "Baby Baby"? Mzazi yeyote aliyewahi kukesha na kichanga anaujua wimbo huu hata kama hajawahi kuusikia. Ni furaha ya kumtazama mtu asiyekupa kitu chochote ila kuwepo kwake, na kujikuta unacheka peke yako. Bibi zetu waliimba furaha hiyo polepole wakimbembeleza mtoto alale. Amy na Thomas waliiwekea mdundo wa kuamsha watu. Kama kuna jambo la Kikristo katika wimbo ule, limo kwenye shukrani hiyo isiyo na hesabu, na halikuhitaji kutiwa muhuri wa Haleluya ili liwe la kweli.

Wimbo mzito kuliko yote uko katikati ya albamu, na ndio uliopata kelele chache zaidi. "Ask Me", ambao Amy aliuandika na mpiga gitaa Tom Hemby, unamhusu msichana aliyedhalilishwa kingono utotoni ndani ya nyumba ambayo ilipaswa kumlinda, na mwanamke aliyekuja kuwa baadaye. Wimbo haukimbilii kumfariji. Unauliza, mbele ya jambo hilo hilo, kama Mungu yupo na alikuwa wapi, na unaruhusu jibu litoke kwa aliyeumia badala ya kutoka kwa mhubiri. Mwaka 1991 mimbari nyingi zilikuwa hazijaanza kulitaja jambo hilo kwa sauti. Anayedai albamu hii ilikimbia imani amekwenda haraka kutoka wimbo wa pili hadi kwenye hukumu, bila kufika wimbo wa tano.

Albamu inafungwa na "Hope Set High", ulioandikwa na Amy mwenyewe, na humo Yesu anatajwa kwa jina, bila kupepesa. Mpangilio huo una maana yake. Msikilizaji aliyeingia kwa mlango wa disko anapitishwa sebuleni, jikoni, chumba cha mtoto na chumba cha maumivu, ndipo anaambiwa mwenye nyumba anamtegemea nani. Mahubiri ya kawaida huanza na jibu. Albamu hii iliweka jibu mwishoni, ikakubali kwamba wengine wangeondoka kabla ya kulifikia.

Kijana kwenye video

Hata hivyo, si haki kuwacheka waliolalamika, kwa sababu walikuwa na hoja moja nzito, nayo ilihusu picha zaidi ya wimbo.

Video ya "Baby Baby" haina mtoto. Ina Amy na kijana mtanashati, mwanamitindo, wakicheza, wakikumbatiana na kutaniana kama wachumba. Kwa mama aliyeolewa, tena mwimbaji wa makanisani, hilo lilitosha kuzua maneno. Lakini ubaya wake mkubwa zaidi hauhusu adabu. Mtoto aliyeuzaa wimbo aliondolewa kwenye wimbo wake mwenyewe, akawekwa mtu anayeuzika kirahisi. Mashairi yaliyokuwa na maana moja kwa aliyeyaandika yakapewa maana nyingine kwa mamilioni wasiojua, na Amy mwenyewe alikubali kusimama mbele ya kamera.

Biashara ilijibu vizuri. Nyimbo tano za albamu ziliingia 20 bora za Hot 100: "Baby Baby" namba moja, "Every Heartbeat" namba mbili, "That's What Love Is For" namba saba, "Good for Me" namba nane, na "I Will Remember You" namba 20. Albamu yenyewe ilifika kumi bora na hatimaye ikathibitishwa kuuza nakala milioni tano Marekani pekee. Kwenye Grammy za mwaka 1992 iliwania tuzo ya albamu ya mwaka pamoja na kazi za R.E.M., Paul Simon, Bonnie Raitt na Natalie Cole. Cole ndiye aliyeondoka nayo. Na mwaka huohuo, tuzo za Dove zinazotolewa na Gospel Music Association zilimtangaza Amy Grant msanii wa mwaka. Tasnia ileile ambayo baadhi ya wasikilizaji wake walikuwa wakimlaumu ilimpa heshima yake ya juu kabisa.

Hapo ndipo unafiki kidogo unapochungulia. Mafanikio ya Amy yalifungua milango ambayo wengi waliipitia. Mwaka 1991, Michael W. Smith alifika namba sita ya Hot 100 kwa "Place in This World", wimbo ambao Amy alishiriki kuuandika na ambao nao hauhubiri waziwazi. Ni sala ya kijana anayetafuta nafasi yake duniani. Huyo hakushambuliwa kwa ukali uleule. Ni vigumu kuepuka hisia kwamba mwanamke, na hasa mama, alipimwa kwa mizani nyingine.

Mwishoni mwa muongo huo Gospel Music Association yenyewe ililazimika kukaa chini na kuandika maana rasmi ya wimbo wa injili kwa ajili ya tuzo zake: mashairi yatokane na Maandiko au ukweli wake, yawe sifa au ushuhuda, au yabebe mtazamo wa Kikristo juu ya maisha. Nyimbo kadhaa zilizokuwa zikiwania tuzo zikaondolewa. Lakini kifungu kile cha mtazamo juu ya maisha kilibaki kipana, na kwa kifungu hicho "Ask Me" inapita bila shida, "Hats" inapita, na wimbo wa mama kwa kichanga wake unaweza kutetewa na wakili wa kawaida tu.

Mjadala tunaoujua

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kufafanuliwa ugomvi wa aina hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wimbo "Kuna Dawa" wa Mkenya Esther Wahome ulitoka kanisani ukaingia kwenye matatu, harusi na baa, watu wakaucheza chupa mkononi. Huko hali ilikuwa kinyume kabisa cha ile ya Amy: Yesu alikuwa ametajwa waziwazi, mahali pa kuchezea ndipo palipowatia watu wasiwasi. Wimbo wa Nashville ulilaumiwa kwa kukosa jina. Wa Nairobi ukaulizwa jina linafanya nini kilabuni. Tukiiweka mifano hii miwili pamoja, inaonekana wazi kwamba kutaja au kutotaja jina hakumalizi ubishi. Wasiwasi wa kweli uko kwingine: nani anautumia wimbo, wapi, na kwa faida ya nani.

Ndiyo maana swali la chimbuko ni bora kuliko swali la hesabu ya majina. Mwimbaji wa kwaya anayetoa albamu ya pop kwa sababu prodyuza amemwambia soko la injili limejaa, ana la kujibu. Anayeimba juu ya mtoto wake, ndoa yake inayoyumba au rafiki aliyedhulumiwa, kwa sababu hayo ndiyo aliyolala nayo na kuamka nayo, hajatoka nje ya imani yake. Kitabu cha Esta katika Kiebrania hakimtaji Mungu hata mara moja, na bado kimo ndani ya Biblia.

Kwa Amy Grant mwenyewe, maisha hayakumwacha abaki picha ya jalada. Behind the Eyes ya mwaka 1997 ilikuwa albamu ya huzuni, karibu yote ikizunguka mambo yaliyovunjika. Mwaka 1999 yeye na Chapman waliachana, na mwaka uliofuata akaolewa na mwanamuziki wa country Vince Gill. Mawimbi ya lawama yaliyompiga safari hii yalikuwa makubwa kuliko ya video, na baadhi ya redio za Kikristo zikamweka kando. Hakuacha kuimba. Desemba 2022, jijini Washington, alikuwa mwanamuziki wa kwanza wa pop ya Kikristo kupewa heshima ya Kennedy Center, akiketi mstari mmoja na Gladys Knight, George Clooney, mtunzi Tania León na bendi ya U2.

Kizazi kilichofuata kiliikuta njia imeshakanyagwa. Lauren Daigle alipotoa Look Up Child mwaka 2018, albamu iliingia namba tatu ya chati kuu ya Billboard wiki yake ya kwanza, na redio za kawaida zikaupiga wimbo wake "You Say" bila kuuliza cheti cha ubatizo. Naye alikumbana na maswali yaleyale juu ya nani anamwimbia. Mizani ya mwaka 1991 bado inatumika.

Kwa hiyo Heart in Motion isikilizwe leo kwa masikio mawili. La kwanza limpe Amy haki yake: aliandika alichokiona nyumbani kwake, akaweka ndani ya albamu ya kuuza mamilioni wimbo wa mtoto aliyenajisiwa ambao kanisa lilikuwa halijawa tayari kuusema, na mwishoni akamtaja anayemwamini. La pili libaki macho sokoni. Wimbo uliandikwa kwa ajili ya mtoto ukauzwa kwa picha ya mchumba, na hesabu ya hilo waulizwe wote waliokubali video ile, mwimbaji akiwa mmojawao. Waumini waliokasirika mwaka ule hawakukosea kukasirika. Walikosea walichokikasirikia.